Maziwa ya Saa Nne

Sarmidi hakuwa na pua. Yaani nyama ilikuwepo usoni, lakini ilikuwa hainusi kitu, mwaka wa sita sasa. Hakuwa na usingizi. Hakuwa na mkono wa kushika kikombe bila kumwaga chai, wala jina la mjukuu wake wa pili, ambalo mkewe alimkumbusha kila asubuhi. Barakoa hakuwahi kuwa nayo, kwa miaka ishirini na minne aliyopuliza vanishi kwenye makabati ya karakana moja ya samani mjini Jepara, Indonesia. Alipewa kopo la maziwa. Kila siku saa nne asubuhi kopo moja, yeye na wenzake wakiambiwa linasafisha sumu mwilini. Alikunywa, akapenga kamasi lenye rangi ya kabati, akarudi kazini.

Sasa alikaa mbele ya msimamizi, Pak Handoyo, "Pak" ikiwa ni "Bwana" kwa lugha yao. Bila barua ya karakana, ofisi ya bima isingemtibu kama mtu aliyeumizwa na kazi.

"Daktari kasema ni dawa ya kuzimulia vanishi, Pak. Imekula ubongo."

"Uzee huo, babu."

"Nina miaka hamsini na moja. Mama yangu ana themanini, na uzi anatunga mwenyewe kwenye sindano."

"Basi akaolewe yeye, wewe kalale." Handoyo alicheka peke yake. "Maziwa ulipewa?"

"Nilipewa."

"Kila siku?"

"Kila siku, Pak. Sikukosa hata moja." Alijibu kwa fahari, hakuna aliyewahi kumwita mtoro.

Handoyo akaandika: mfanyakazi anakiri kwamba alikingwa ipasavyo, maradhi yake ni ya uzee. Akamsukumia karatasi.

Sarmidi alisoma. Alipofika mstari wa tatu, wa kwanza ulikuwa umemtoka. Akaanza upya. Akaanza tena.

"Inasema nitatibiwa?"

"Inasema ukweli. Weka dole gumba, kalamu itakusumbua."

Akaweka.

Handoyo akaitia karatasi kwenye bahasha, akafungua mkebe wa gundi ya karakana. Machozi yakamlengalenga, akaziba pua kwa kola ya shati.

"Lo! Funga wewe. Harufu hii siiwezi."

Sarmidi akainamia bahasha, uso juu ya mkebe, akipumua vizuri tu. Mkono ulitetemeka, lakini alipaka ukingo hadi ukingo, kifundi, akakandamiza mpaka ikashika. Tarishi wa karakana akaipokea, akaitia kwenye mkoba wa pikipiki, akaondoka nayo kwenda ofisi ya bima.