Kamba ya Ogari

Orpah hakuinua kichwa Mwalimu Thadeus alipobisha hodi. Aliendelea kuchana maganda makavu ya mgomba, kuyalowesha kwenye karai na kuyasokota pajani yawe kamba, maana wachuuzi wa Suneka wangepita kesho na mikungu ya ndizi haijifungi yenyewe.

"Keti, Mwalimu," alisema. "Kitabu kile pale."

Kilikuwa juu ya kigoda, kimevimba kwa maji. Kilikutwa ndani ya shati la Nyasani, mwanawe wa pekee, aliyezama wiki mbili zilizopita akivuka mto kwa chelezo cha migomba, kama alivyovuka Ogari wa kitabuni.

Nani asiyemjua Ogari? Tangu mwaka wa sabini na moja, watoto wa Kisii hadi Nyamira waligombania visa vyake, naye hakuwa na lolote la ajabu: mtoto wa jirani tu, wa kuchunga mbuzi, kuiba mapera na kuchapwa. Mwalimu ndiye aliyemtunga, na hiki kilikuwa kitabu cha nne. Kila Mwalimu alikopita, watoto walimkimbilia.

"Kanisani wanasema aliponzwa na kuvunja Sabato," Orpah alisema. "Shemeji zangu wanasema alikuwa mjinga, hakufuata kitabu. Mimi sijui kusoma. Nisomee hapo alipofunga chelezo."

Mwalimu alibandua kurasa mojamoja. Alipopapata, akasoma. "'Ogari akapanga vipande vitano vya mgomba, akavikaza kwa kamba...'"

"Kamba gani?"

"Imeandikwa kamba tu."

"Mwalimu, nakuuliza. Kamba gani?"

Mwalimu alipokuwa akiandika, alikuwa anaiona kamba ya mkonge, ile ya kufungia ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi. Hakuona haja ya kuitaja aina yake. Lakini kwa Orpah hapakuwa na ng'ombe wala mkonge. Kamba ilikuwa hii ya pajani, na ndiyo aliyoichukua Nyasani bila kuomba. Ikikaukia kwenye mkungu, hushika kweli. Ikikaa majini, hulegea. Chelezo kilifumuka katikati ya mto.

"Nilikusudia ya mkonge," alisema. "Sikuandika. Mtoto alifuata kitabu, Mama Nyasani, neno kwa neno. Kosa ni langu."

Alingoja matusi, aliyatamani hasa. Orpah aliitazama kamba mkononi mwake, na machozi aliyoyazuia tangu siku ya mazishi yakamtoka.

"Utawaambia hivyo?"

"Jumamosi hii. Kanisa zima lisikie, na shemeji zako."

Orpah alijifuta kwa kiganja.

"Na huyo Ogari," akauliza, "yeye alifika?"

Mwalimu hakutaka kusoma. Akasoma. "'Akafika ng'ambo, akaketi juani mpaka nguo zikakauka, kisha akakumbuka kwamba mama yake anamngoja.'"

"Soma tena hapo."

Akasoma tena. Orpah alichovya ganda jingine kwenye karai, akaanza kulisokota.