Maria Hakutoka Bergen

Kitabu cha ukoo wetu kinasema kwamba babu yetu wa kwanza, Gerrit Hoevelaar, aliyeshuka melini hapa Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, mwaka 1698, alimwoa Maria van Bergen, binti wa mchungaji kutoka Norwei. Nilikariri maneno hayo nikiwa mtoto wa shule. Aliyeyaandika ni Baba Mkubwa Stefanus, kaka yake baba yangu, aliyekuwa mwalimu mkuu. Katika bonde letu la Kweekvlei, alilosema yeye halikuwa na wa kulipinga.

Mwaka 1998 ukoo ukaamua kusherehekea miaka mia tatu. Binamu yangu Lourens, mwenyekiti wa shughuli, alitaka picha ya ukurasa wenyewe kutoka kitabu cha ndoa cha kanisa, aikuze na kuitundika ukumbini. Mimi nilikuwa likizo kutoka kazi yangu ya hospitalini, kwa hiyo nikatumwa Cape Town, kwenye hifadhi ya nyaraka. Baba Mkubwa aliposikia alinipigia simu. Akaniambia nisijisumbue, maandishi ya zamani hayasomeki, na yeye alikwisha kunakili kila kitu. Nilidhani ananionea huruma na safari. Nikaenda.

Maandishi yalisomeka kabisa. Karani wa karne hizo alikuwa na mwandiko wa kuonewa wivu. Aliandika kwamba Gerrit Hoevelaar amemwoa Maria van Bengale, mtumwa aliyeachwa huru.

Nililisoma jina lile herufi kwa herufi. Nikamwita mhifadhi, mama mmoja mwenye miwani shingoni, naye akasoma hivyo hivyo. Akanieleza kwamba watu wengi waliletwa hapa kutoka Bengali, kule India, wakauzwa kama ng'ombe, na kwamba Maria huyu alimjua, kwani kuna wasia wake. Akaenda kuuleta.

Ulikuwa wasia wa mume na mke, wa mwaka 1719. Kiwanja cha kando ya mto, chenye miti ya pea, walimpa Joost, mtoto aliyezaliwa na Maria angali mtumwa, kiwe chake na watoto wake milele. Chini palikuwa na sahihi ya Gerrit, na kando yake msalaba uliopinda, karani akaandika: hii ni alama ya mkono wa Maria.

Ndani ya jalada mlikuwa na karatasi ya majina ya watu waliowahi kuuomba wasia huo. Lilikuwamo jina moja tu. S. Hoevelaar, 1961. Kitabu cha ukoo kilichapwa mwaka 1964.

Kiwanja kile nilikijua.

Nilipokuwa mtoto waliishi pale akina Hoevelaar wengine, weusi kuliko sisi, ambao sheria iliwaita machotara. Tulifundishwa kwamba jina letu wanalo kwa kuwa mababu zao walikuwa watumishi wetu. Mwaka 1967 bonde likatangazwa kuwa la wazungu. Watu wale wakaambiwa ni wavamizi, hawana karatasi, wakapakiwa kwenye malori na kwenda kumwagwa kwenye michanga, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Wiki chache kabla ya malori, Katrina Hoevelaar, aliyekuwa akisafisha kanisa letu, alikuja kwenye mlango wa jikoni. Baba Mkubwa alikuwa mezani kwetu akinywa kahawa. Katrina alimwuliza kwa adabu kama katika utafiti wake aliwahi kukuta karatasi yoyote inayowahusu, maana nyanya yake alikuwa akisema ardhi ile walipewa.

"Nimetafuta, Katrina," Baba Mkubwa alimjibu. "Hakuna kitu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimesimama hapo na sahani ya biskuti. Mwaka uliofuata baba yangu alikinunua kiwanja kile, akang'oa miti ya pea, akapanda mizabibu. Mizabibu hiyo ndiyo iliyonisomesha uuguzi.

Kesho yake nilikwenda kwa Baba Mkubwa. Alikuwa na miaka themanini na sita, akili timamu, suruali imepigwa pasi. Nikamwekea nakala zote mbili mezani. Hakuvaa hata miwani yake.

"Ulikosea kusoma?" nikamwuliza. Kusema kweli nilikuwa namwombea aseme ndiyo.

"Mimi? Nimefundisha Kiholanzi miaka thelathini, Aletta. Niliusoma vizuri."

Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mwanafunzi mzito. Enzi zile, alisema, neno moja kama lile lingetosha watu kuanza kutupima nywele na kutuchungulia kucha, waone kama kweli sisi ni wazungu. Mabinti wa ukoo wangekosa wachumba. Yeye angefukuzwa kazi shuleni. Alitulinda sote, mimi nikiwamo, na sasa badala ya kumshukuru nimekuja kumhoji nyumbani kwake.

Hilo la woga ningeweza kulimeza. Walioogopa walikuwa wengi. Nikamwambia hivyo, kisha nikamwuliza juu ya wasia. Wasia haukumtaka aseme Maria alikuwa na rangi gani. Ulitaka aseme tu kwamba kiwanja kina mwenyewe.

"Sheria ingewahamisha vilevile."

"Wangehamishwa kama wenye mali, Baba Mkubwa. Wewe uliwaacha waitwe wezi."

"Na baba yako? Unadhani hakujua alichokinunua?"

Hilo sikulitarajia. Aliniangalia akiwa ametulia, akijua pigo limefika. Kisha akanikumbusha nisimwage chai aliyokuwa amenimiminia. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima.

Mwaka ule serikali mpya ilikuwa ikipokea madai ya watu walionyang'anywa ardhi, na mwisho ulikuwa Desemba thelathini na moja. Ilikuwa Oktoba. Niliulizauliza hadi nikaipata nyumba ya Mama Katrina kule mchangani. Nasema Mama sasa. Utotoni nilimwita Katrina mtupu, na yeye alikuwa umri wa mama yangu. Mlango ulifunguliwa na binti yake Siena, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye tunalingana miaka.

Nilimpa karatasi, nikamweleza zilikokuwa, na nani alizijua, na tangu lini. Sikuficha habari ya baba yangu. Siena alisoma amesimama. Hakunikaribisha kiti.

"Miaka thelathini na moja," alisema. "Baba alikufa anaitwa mvamizi, Bi Aletta. Na umekuja nikuambie ahsante?"

Nikasema hapana. Nikamwambia tarehe ya mwisho ya madai, nikaongeza kwamba shamba lile tulirithi mimi na kaka yangu, na kwamba nusu yangu nitaisaini iwe yao siku yoyote watakayoniita.

Toka chumba cha ndani Mama Katrina akauliza ni nani. Siena akaenda kumsomea. Nilisikia akisoma mara mbili, na mara ya pili mama yake alimkatiza kwenye jina la Joost, akamtaka alirudie. Kisha ikasikika sauti ya kikongwe, kavu kabisa, ikisema kwamba alijua, alijua siku zote, na kwamba mtoto wa watu aliye mlangoni apewe maji, kuna jua kali.

Nilirudi kwa Lourens nikamwambia picha yake ipo tayari, na nini kimeandikwa. Alikuna kichwa. "Baada ya sherehe, Aletta. Usituharibie shughuli. Watu wanatoka mpaka Namibia."

"Wanakuja kumkumbuka nani, sasa?" nilimwuliza. "Huyo wa Bergen hakuwahi kuzaliwa."

Siku yenyewe walifika watu mia nne. Nyama zikachomwa, wimbo ukaimbwa, mchungaji akamshukuru Mungu kwa Gerrit na Maria van Bergen. Kabla hajasema amina nilipanda jukwaani. Nilisoma ukurasa wa ndoa, nikasoma wasia wote, nikasema ni nani aliyeuficha na ni nani aliyefaidika, nikajitaja na mimi. Sauti ilinitoka kwa ukali nisiokusudia. Baadhi waliondoka na watoto wao. Kijana mmoja alipiga makofi akanyamazishwa na mamake. Baba Mkubwa, meza ya mbele, aliendelea kukata nyama yake vipande vidogovidogo na kula, kimoja baada ya kingine, mpaka sahani ikawa tupu.

Alikufa miaka miwili baadaye. Hatukusemezana tena. Toleo jipya la kitabu lilitoka na Maria yuleyule wa Norwei. Lourens aliniambia kamati ilipiga kura. Ndiyo, walimpigia kura mwanamke aliyekufa karibu miaka mia tatu iliyopita, wakaamua hakuwapo.

Madai yalipelekwa wiki tatu kabla ya mwisho. Kaka yangu aliyapinga kwa mawakili kwa miaka mitano, na hadi leo watoto wake hawaniamkii. Hukumu ilitoka mwaka 2004, kiwanja kikarudi kwao, na msalaba wa Maria ulikuwa miongoni mwa vielelezo. Mama Katrina alikuwa ameshazikwa kule mchangani, kiangazi kilichotangulia.

Siena aling'oa mizabibu yote. Anapanda viazi na vitunguu, na amejenga nyumba mbili, yake na ya kaka yake. Hatujawa marafiki. Tukikutana dukani ananiuliza mguu wangu unaoniuma siku hizi unaendeleaje, namwambia hivyohivyo, kila mmoja anashika njia yake.