Dawa Juu ya Magunia

Yule Kaburu hakuwa mjinga. Mahindi yalipoanza kupungua ghalani, alichukua pamanganeti, dawa ya chembe nyeusi ya kuoshea viwele vya ng'ombe, akainyunyiza kavu juu ya magunia. Asubuhi akawapanga wafanyakazi wake wote uani, kwenye shamba lake nje kidogo ya Eldoret, kiboko mkononi.

"Mikono mbele!"

Namalwa, mkamuaji wake, alielewa mara moja. Dawa hiyo ikikutana na jasho hugeuka zambarau, kisha kahawia, na hapo sabuni haifui dafu. Kando yake mumewe, Wasike, alikuwa amebana vidole kwapani. Jana watoto walikula wakashiba. Na mwaka uliopita Kaburu huyu huyu alimchapa Kipyego, mfanyakazi mwenzao, kwa kuiba debe moja la ngano, wakamzika kesho yake.

"Ni mimi, Bwana," Namalwa akasema, akanyoosha mikono.

Ilikuwa kahawia hadi kwenye kucha, lakini kwa kazi tu, maana kila siku aliichovya kwenye ndoo ya dawa ya viwele. Kaburu angejiuliza kidogo angekumbuka hilo. Hakujiuliza. Alitaka mgongo, akapata mgongo.

Nyapara Kimutai alimkalia miguu. Kiboko kilipasua gauni, kikapasua ngozi, kikarudi palepale palipopasuka. Namalwa alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, akauma udongo, damu ikamjaa mdomoni. Kila kiboko kilipoinuka alimtafuta Wasike kwa macho. Wasike alikuwa ametazama chini.

Walipombeba hadi nyumbani, Wasike alimletea karai la dawa ile ile amwoshe vidonda. Alikuwa amemimina ovyo. Maji yalikuwa meusi tii, chembe bado zinaelea.

"Hiyo itanichoma nyama," Namalwa akasema kwa shida. "Chembe kidogo tu, mpaka maji yawe mekundu-mekundu hivi. Ama unataka kummalizia Kaburu kazi?"

Wasike akalia. "Nisamehe, Mama Nangila. Ningesema, angeniua."

"Najua. Ndio maana nilisema mimi."

"Sasa mbona unaniangalia hivyo?"

Namalwa alitema damu pembeni.

"Nilikuwa nangoja ufungue mdomo tu, Baba Nangila, ndio nikuambie unyamaze. Nilingoja mpaka akachoka kunipiga."