Magoti ya Mpiga Pasi

Watu husema siri ya mtu iko kifuani. Waongo. Ya Mnyoosho ilikuwa kwenye magoti, na magoti hayana desturi ya kumshauri mwenyewe.

Mnyoosho alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea mashuka ya hoteli na mapazia ya hospitali na kuyarudisha makavu, yamekunjwa, yananukia. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu shati likishapita mikononi mwake, hata mwenyewe hulitambua kwa shida. Alikuwa mwaka wa pili pale, hana ugomvi na mtu, hajui kuchelewa, na siku ya mshahara hupitiliza moja kwa moja kwa mkewe kama mtoto aliyetumwa. Kwa ufupi, mtu wa kuchosha. Na alipenda sana kuwa mtu wa kuchosha, maana aliwahi kuwa mtu wa kusimuliwa na hakuona faida yake.

Kabla ya kiwanda alikuwa amefungwa kwa wizi. Alitumikia, akatoka, akatafuta kazi, akaipata. Pale kazini hakuna aliyejua, kwa sababu rahisi kabisa: hakuna aliyeuliza.

Mambo yalianza kwenda kombo Bosi alipochoshwa na wachelewaji. Bosi, mama mwenye kiwanda, mwenye sauti inayoishinda mashine, akaleta msimamizi mpya: askari magereza mstaafu, mrefu, mkavu, viatu vinang'aa hata kwenye sakafu ya maji ya sabuni. Kabla ya saa ya chai kila mtu alikuwa akimwita Afande. Mnyoosho alimwona kwa mbali tu, akamjua. Ndiye yeye. Ndiye aliyekuwa akiwafungia milango jioni na kuwafungulia asubuhi, miaka yote ile.

Afande hakumtambua. Angemtambuaje? Wafungwa aliowapokea ni wengi kuliko nywele zilizombakia, na enzi hizo Mnyoosho alikuwa mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa wembe. Sasa alikuwa na nywele, na kitambi ambacho mkewe alikilea kwa bidii. Lakini mwenye hatia hujishuku mwenyewe. Juma zima aliishi nyuma ya mapazia ya hospitali. Afande akija upande wa pasi, Mnyoosho kabanwa na haja. Afande akienda kukagua vyoo, Mnyoosho yuko stoo anatafuta hanga. Wenzake wakaanza kumuuliza, kwa huruma kabisa, kama amepima sukari.

Ndipo ikaja Jumatatu. Bosi alitaka watu wajipange uani kila asubuhi kabla mashine hazijawashwa, aone nani yupo na nani bado anaoga. Kazi hiyo akampa Afande. Afande akasimama mbele, akajaza kifua hewa, na mazoea ya maisha yake yote yakamtoka:

"Hesabu!"

Kule gerezani neno hilo likitoka, wafungwa huchuchumaa palepale katika safu, mikono juu ya magoti, wahesabiwe. Huku kiwandani watu walitazamana tu, isipokuwa mmoja. Mnyoosho alikuwa chini kabla akili yake haijapata habari. Alichuchumaa vizuri, mgongo umenyooka, macho chini, peke yake katikati ya msitu wa miguu.

Bosi alicheka, akidhani ni mzaha. "Huyu naye anafanya nini?"

Afande ni mtu asiyejua kudanganya hata kwa faida yake. Akamtazama yule aliyechuchumaa, akamtambua, akajibu: "Anahesabiwa, mama."

Kicheko kikakatika.

Kufika saa ya chai, habari zilikuwa zimeshanenepa. Upande wa mashine za kukaushia walikuwa na hakika kwamba Mnyoosho alivunja benki. Upande wa kukunja walisema benki ni kidogo. Jamaa mmoja alihamisha chakula chake cha mchana kutoka rafuni hadi ndani ya shati. Kisha mkunjaji mmoja, dada mwenye haya, akamsogelea Mnyoosho na kumnong'oneza kwamba amepoteza ufunguo wa kabati lake, sasa kama hatajali, amfungulie lile kufuli.

"Dada yangu, mimi sijui kufungua kufuli," Mnyoosho akasema. "Nilikuwa mlinzi wa duka la vitambaa. Nilifungua kwa ufunguo niliokabidhiwa, wenzangu wakaingia wakabeba."

"Aa," yule dada akasema, amevunjika moyo. "Kumbe si wizi wa maana."

Bosi hakuwa na nafasi ya utani. Alimwita ofisini, akamwambia bila kukaa: "Kusanya vitu vyako. Nguo za watu zinakuja hapa na mifuko yake. Siwezi kuwa na mpiga pasi ambaye nikimwona naushika mkoba wangu."

Mnyoosho alikwisha kugeuka aende. Ndivyo alivyokuwa, akiambiwa toka, anatoka. Aliyemzuia mlangoni ni Dada Chama, mtoa madoa, ambaye wafanyakazi walimchagua awe mwakilishi wao kwa kuwa haogopi kitu, hata madoa ya damu ya kuku. Alikuja na glavu zake, zinadondosha dawa kwenye zulia la Bosi.

"Bosi, mtu hafukuzwi kwa magoti."

"Amenidanganya."

"Ulimuuliza akakana?"

Bosi aliikumbuka vizuri siku aliyomwajiri. Mpiga pasi wa zamani alikuwa ameondoka kwa hasira, vitambaa vya meza vya harusi vimefika dari, na mwenye hoteli anapiga simu kama mwendawazimu. Bosi alimuuliza Mnyoosho mambo mawili tu: unajua pasi, na unaweza kuanza sasa hivi?

"Akajibu ndiyo na ndiyo," Dada Chama akasema. "Uongo uko wapi hapo? Sheria ya kazi haikuruhusu kumtoa mtu kama unavyotoa maji ya beseni. Unamwambia kosa lake ni lipi, unampa nafasi ya kujiandaa, anakuja na mwenzake anayemchagua mwenyewe, unamsikiliza. Halafu unapima. Kosa lile linahusiana vipi na kazi hii, limepita muda gani, na tangu aje hapa amefanya nini. Ukimtoa leo, tutakutana kwenye usuluhishi, na huko swali la kwanza ni hilohilo langu."

Bosi alichukia kitu kimoja kuliko hasara, nacho ni kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtu mwingine. "Alhamisi," akasema. "Aje na mtu wake. Mpaka siku hiyo, pasi ataigusa, mifuko hataigusa."

Amri hiyo ilileta kizaazaa, maana shati lisilo na mfuko ni lipi? Mnyoosho akaachiwa mashuka matupu, na wateja wa mashati wakaanza kulalamika.

Nyumbani alimkuta mkewe anashona kifungo kwenye sare ya mtoto, uzi mdomoni. Akamwambia ameamua kuacha kazi mwenyewe, yaishe.

Mke akautoa uzi mdomoni. "Ukiacha utakuwa umewarahisishia. Kama ni kufukuza, wafukuze wao, kwa nini wewe uwasaidie?"

"Watu wananitazama, mke wangu."

"Wakutazame. Mimi nimetazamwa kila Jumapili kwenye geti la gereza na bakuli langu, nikapekuliwa mpaka kwenye nywele, na sikuwa nimeiba hata sindano. Nilikufa?"

Hili la nywele Mnyoosho hakuwahi kulijua, akaona aibu kubwa kuliko ile ya uani. Akakaa sakafuni karibu na miguu ya mkewe.

"Naogopa," akasema.

"Na mimi naogopa," mke akajibu, akaurudisha uzi kwenye sindano. "Basi tuogope ukiwa kazini."

Kila mtu alijua atamchukua Dada Chama awe mtu wake. Dada Chama mwenyewe alikwisha kuazima koti. Lakini Mnyoosho alilala akiwaza, akaamka akiwaza, na jambo moja likamkaa kichwani: Bosi atauliza, huyu mnamjua? Na katika kiwanda kizima aliyemjua ni mmoja.

Alimkuta Afande karibu na boila, anafuta viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

"Nataka uwe mtu wangu Alhamisi."

Afande hakuinua kichwa. "Mimi sisemi uongo."

"Sikuombi uongo."

"Nitasema yote. Hata lile la jikoni."

Mnyoosho alikuwa ameomba Mungu lile la jikoni liwe limesahaulika. "Sema," akasema, akarudi kwenye mashuka. Dada Chama aliposikia alishika kichwa, akasahau kwamba ana glavu.

"Umemchagua aliyekuchoma?" akamuuliza. "Wewe una akili timamu?"

"Hakunichoma. Aliulizwa, akajibu."

"Haya. Nitakuja nikae pembeni nilinde sheria. Zaidi ya hapo, utajijua mwenyewe."

Alhamisi wakakaa ofisini. Meza ya Bosi ni ya kioo, na mashine kubwa ikianza kukamua huko chini, meza hutetemeka na kikombe cha Bosi hutembea kuelekea ukingoni. Bosi alikirudisha bila kukitazama.

"Afande, wewe ni msimamizi wangu. Mbona umekaa upande wake?"

"Ameniomba, na sheria inamruhusu. Mimi na sheria hatujawahi kugombana."

"Haya. Unamjua mtu huyu?"

"Namjua. Mwaka wake wa kwanza aliiba sukari."

Dada Chama akafumba macho. Mnyoosho akaitazama dari, akaanza kumtungia mkewe maneno ya kumwambia jioni.

"Aliiba ndani ya gereza?" Bosi akauliza, kama mtu ambaye hajui akasirike au ashangae.

"Jikoni. Akaificha kwenye kofia. Bahati mbaya siku hiyo tuliwatoa kwenda shambani, ikanyesha mvua. Akarudi anatiririka asali usoni, nyuki wanamsindikiza."

Bosi alikohoa muda mrefu kidogo kuliko kikohozi kinavyohitaji. "Kisha?"

"Akaadhibiwa. Tukamhamishia chumba cha kufulia, ndiko alikojifunza pasi. Sare zetu za gwaride zote alizinyoosha yeye. Sisi nasi ni watu, tulikuwa tunasahau vitu mifukoni. Hela, pete, picha za watu ambao wake zetu hawawajui. Tulivikuta juu ya sare kila mara. Hela nazo zimepigwa pasi."

"Kwa hiyo unanihakikishia kwamba hataiba tena."

"Hapana," Afande akasema.

Kikombe kikatembea, na hakuna aliyekishika mpaka kilipofika ukingoni. Dada Chama ndiye aliyekidaka.

"Hapana?" Bosi akasema. "Sasa umekuja kufanya nini?"

"Mama, mimi simhakikishii mtu yeyote, hata nafsi yangu. Nimekueleza niliyoyaona. Ila liko moja ninalolijua kwa hakika." Afande akanyoosha kidole kuelekea kwa Mnyoosho bila kumtazama. "Hakimu alimpa huyu adhabu yake. Mimi nikawa naihesabu, asubuhi na jioni. Ilipokwisha, nililifungua geti kwa mkono huu nikamwambia, nenda, umemaliza. Ndivyo tulivyowaambia wote. Sasa kama hakumaliza, basi mimi maisha yangu yote nimekuwa nikidanganya watu pale getini. Na mimi, mama, sidanganyi."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Bosi akamgeukia Mnyoosho mwenyewe. "Na wewe. Uliiba kwa nini?"

Mnyoosho alikuwa na majibu ya kila aina, aliyaandaa usiku. Njaa, marafiki wabaya, shida za dunia. Yote yakampotea, na lililobaki lilikuwa la kweli.

"Tamaa, Bosi. Nyumbani tulikuwa tunakula. Niliona vitambaa vya watu vinalala vizuri na mimi niko macho, nikaingiwa na wivu. Tajiri wangu alikuwa mtu mwema, aliniamini akanipa ufunguo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata jela."

Akatazama mikono yake.

Bosi akasimama dirishani. Chini kulikuwa na mlima wa mashuka, na kijana wa zamu aliyewekwa kwenye pasi alikuwa akiyakunja kama anayefunga maiti kwa haraka.

"Siku ile ungeniambia, nisingekuajiri," akasema.

"Najua, Bosi."

"Ningekosea." Alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakujua kwamba anayo, kisha akairudia ile ya kushinda mashine. "Rudi kwenye pasi. Mashati pia. Na wewe, Dada Chama, hiyo dawa yako itoe kwenye zulia langu."

Nje ya ofisi kuna ukumbi mwembamba na ngazi za kushukia. Dada Chama alibaki ndani kubishania zulia. Mnyoosho akatoka, akatangulia bila kufikiri, mikono nyuma, hatua za taratibu ili aliye nyuma yake asilazimike kukimbia. Ndivyo mfungwa anavyotembea na askari wake. Akasikia vile viatu nyuma yake, kisha akavisikia vinaongeza mwendo. Afande akamfikia, akajipenyeza ubavuni pake, bega moja likisugua ukuta.

"Hapa hapatoshi watu wawili, Afande," Mnyoosho akasema.

"Tutabanana."

Wakashuka ngazi zote hivyo, bega kwa bega, mpaka kwenye mashine.