Sauti ya Mwalimu Eréndira

Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya shule nzima kuipigia bendera saluti uwanjani, Eréndira Tovar aliandika tarehe ubaoni, akawageukia watoto wa darasa la pili na kufungua kinywa. Sauti haikutokea hapo. Ilitokea mkobani, kwenye simu: "Hamjambo, vipenzi vyangu! Leo nawaonyesha ninavyopamba darasa."

Watoto wakageuza viti, wakauelekea mkoba.

Eréndira alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha ualimu huko Zacatecas, na hiyo ilikuwa wiki yake ya pili ya mazoezi ya kufundisha. Kwa miaka miwili alikuwa akijirekodi video kila siku, hata mezani kwa mama yake, na watu elfu arobaini walimfuata mtandaoni. Mwalimu Chelo, mwenye darasa, hakuacha kusahihisha madaftari.

"Mwanachuo wa mwaka jana naye yalimkuta hayahaya," alisema. "Iweke mezani, binti, wa nyuma nao wasikie."

Akaiweka. Sauti ilikuwa yake kabisa, changamfu, ila ilisema yale tu iliyokwisha kuyasema kwenye video.

Jumatano aliiacha simu nyumbani. Darasani akashinda bubu. Nyumbani sauti ilimsemesha mama yake asubuhi nzima, naye akaijibu huku akipasha chapati za mahindi.

"Siku nyingi hatujaongea hivi, mwanangu," mama alimwambia jioni, macho yakimng'ara.

Jioni hiyohiyo alikuta chuo kimemwandika hakufika kazini, maana mahudhurio, maandalio ya somo na matangazo yote hupitia kwenye simu. Fidencio, mwenzake wa chuoni, alimwandikia: "Mimi kilihamia simuni kicheko. Utazoea, dada. Yako walau ina wafuasi."

Alhamisi akairudisha mkobani.

Ijumaa alikuja Mwalimu Baldomero, msimamizi kutoka chuoni, kumpima. Alikaa nyuma, akafungua simu yake, akawa anamtazama Eréndira humo, kwenye video zake. Yaretzi, mtoto wa miaka saba ambaye bado hajajua kusoma, akaja mbele na kitabu, kidole kimekazwa chini ya silabi.

"Mwalimu, hii ni ma au pa?"

Eréndira akatamka pa. Midomo ilifumba, ikafumbuka.

"Rudia, mwalimu."

Akarudia, polepole. Kwenye midomo, ma na pa ni kitu kimoja. Akashika chaki akaandika PA kubwa ubaoni, kisha akaona kwamba hicho ndicho mtoto alichokuja kuuliza.

"Ma?" Yaretzi akabahatisha.

"Hongera, umepatia!" ikasema simu. "Nitumieni mioyo!"

Eréndira akatikisa kichwa. Akamshika mtoto bega, akatikisa tena, machozi yakimlenga. Yaretzi alikuwa ameigeukia simu, anaichekea.

"Tisa nukta nane kwa kumi," Mwalimu Baldomero akasema bila kuinua uso. "Una sauti nzuri ya darasani. Hebu huyo mtoto awasomeshe wenzake, niandike kwamba wameelewa."

Yaretzi akasimama wima, akaielekeza rula kwenye PA, akasema kwa sauti safi, "Ma."

"Ma!" darasa zima likaitikia, na Eréndira, kinywa wazi, akasimama kando ya ubao akiwasikiliza.