Kiti cha Nyuma

Kila nilipouliza swali, darasa zima lilinivuka kwa macho. Walimtazama mwalimu wao aliyekaa kiti cha nyuma, Mama Chaki kama walivyomwita, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kunilea katika mazoezi yangu ya ualimu. Akikunja uso, mikono ilishuka. Akiitikia kwa kichwa, mikono ilijaa hewani. Mimi pale ubaoni nilikuwa pambo tu.

Nilivumilia nikachoka. Mkaguzi kutoka chuoni angekuja kesho yake, na akiona darasa limenishinda ningerudia mwaka mzima. Basi wakati wa mapumziko, tukiwa wawili tu katika chumba cha walimu, nikatoa dukuduku langu.

"Mama, watoto wanasoma uso wako. Kesho naomba usikae mle ndani."

Aliweka kikombe chini taratibu. Akanieleza kwamba darasa lile ndilo la mwisho kwake kabla ya kustaafu, kwamba utaratibu unamtaka awemo, na kwamba wengi wamepita mikononi mwake wala hakuna aliyewahi kumfukuza. Nilirudi nyumbani roho juu, nikijilaumu kwa mdomo wangu.

Asubuhi mkaguzi aliketi dirishani. Mama Chaki akaingia, akakishika kiti chake, akakigeuza, akakaa akiutazama ukuta. Kalamu ya mkaguzi ilisimama.

Nikaanza kuzidisha. Kwa haraka nikaandika ubaoni, na kwa sauti kubwa nikasema saba mara nane ni hamsini na nne. Macho yakakimbilia nyuma kwa mazoea, yakakuta mgongo na sweta ya kijivu. Mabega ya Mama Chaki yalikakamaa, lakini hakugeuka. Ndipo binti mmoja mtundu wa dawati la mbele, ambaye siku zote aliniita dada, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo ni hamsini na sita."

Nikafuta, nikamshukuru, tukaendelea. Sikuona tena jicho lililokwenda nyuma.

Baada ya kengele mkaguzi alinipa mkono, akasema nimefaulu. Darasa lilipobaki tupu nikaenda nyuma. Mama Chaki alikuwa bado anautazama ukuta.

"Waliangalia huku?"

"Mwanzoni tu, mama."

"Nilisikia walivyoacha," akasema, na sauti ikamkatika.

Nilikuwa nimekuja kumpa habari njema. Nikavuta kiti kingine, nikakielekeza ukutani, nikakaa kando yake.