Jogoo wa Mahojiano

Ezira aliingia Mbarara na jogoo kwapani, miguu imefungwa kitambaa. Saa nane mwanawe Gradi angehojiwa katika kampuni kubwa ya wakaguzi wa hesabu, na Ezira, mzee wa kanisa kule Kashojwa, kambi ya wakimbizi, hakuzaliwa jana. Kambini kila jambo lina mkubwa wake, na kwa mkubwa huendi mikono mitupu.

Rwakabuba, mkuu wa ofisi, alimpokea akicheka.

"Mzee, umekosea mlango. Mimi natia sahihi tu. Wa utumishi anawaita vijana na kuwapa viti. Anayechagua ni Kembabazi. Yeye ndiye anayekwenda nao viwandani. Akisema huyu simtaki, hata mimi simlazimishi."

Ezira akamkuta Kembabazi koridoni, binti wa rika la Gradi, anakunywa chai amesimama.

"Mama, nakuletea haka kajogoo. Haiko mingi, ni heshima ya kwetu."

"Wewe ni nani, mzee?"

"Niko papa ya Gradi."

Kembabazi akaweka kikombe dirishani. "Mzee, kazi yetu ni kukagua watu. Tukikula kuku yao, tutakagua nini? Nikichukua hii, kijana yako siwezi kumuuliza hata swali moja. Rudi na jogoo yako."

Uso wa Ezira ukawaka. Kwao, kumrudishia mtu zawadi ni kumwambia asikanyage tena kwako. Ingekuwa kule Kivu, Kongo, alikotoka, angemwacha jogoo sakafuni akaondoka. Lakini jogoo akibaki, Gradi hana kazi. Akamrudisha kwapani, wafanyakazi wakichekea viganjani, akaenda kuketi nje ya lango.

Saa kumi Gradi akatoka, tai imelegea.

"Papa! Bamenichukua, naanza Jumatatu. Lakini yule dada ana maswali! Eti mwenye kiwanda akikuletea jogoo, utafanya nini?"

"Ukajibu nini?"

"Nitamrudishia. Akauliza, na akikasirika? Nikasema akasirike tu, mradi papa yangu asijue."

Ezira akakohoa. "Asijue nini?"

"Kwamba nimekataa zawadi ya mtu. Si ungenifukuza nyumbani?" Ndipo akamwona jogoo. "Na huyu?"

"Huyu ni wako," alisema Ezira, akianza kutembea. "Mama yako atamchinja leo. Na usiniulize mingi."